Kabla Hujaitupa Laini ya Plastiki

Wakazi wa wilaya za Tarime na Serengeti wamezoea kubeba laini tatu au nne kwa sababu ya mpaka wa Kenya, minara na pesa. eSIM inawapa nafasi ya kuzikusanya ndani ya simu moja. Kazi iliyobaki ni kuamua ipi iingie humo na ipi ibaki kwenye kadi.

Mfanyabiashara wa Sirari akikupa namba yake ya simu, subiri kidogo, huenda hajamaliza. Ya kwanza ni ya Tanzania. Ya pili ni ya Safaricom, ya ng'ambo, Isebania. Na ukizipokea haraka haraka utazichanganya, kwa sababu zote mbili zinaweza kuanza na 07. Upande wa Tanzania, 0712 ni ya Yas, mtandao ambao hadi Novemba 2024 uliitwa Tigo. Ukishavuka geti la mpaka, 0712 hiyohiyo ni ya Safaricom. Kinachozitenga ni msimbo wa nchi: 255 huku, 254 kule. Ndiyo maana mtu aliyezoea biashara ya mpakani haandiki namba bila alama ya kujumlisha na msimbo wake. Anajua kwamba pesa iliyokusudiwa kwenda kwa muuza mitumba wa Migori inaweza kuishia kwa mtu wa Mbeya asiyemjua wala kumdai.

Hesabu ya laini zake haiishii hapo. Anaweza kuwa na Vodacom kwa ajili ya M-Pesa, Airtel au Yas kwa sababu ya bando, Halotel kwa sababu shambani kwao mnara ulio karibu ni wa Halotel, na hiyo ya Safaricom. Laini nne, na simu yake ina matundu mawili. Mbili zinakaa kwenye simu janja, moja kwenye kitochi, na ya nne imefungwa kwenye kipande cha karatasi ndani ya pochi ikisubiri siku ya mnada.

Kwa mtu huyu, habari kwamba simu moja inaweza kutunza laini nyingi bila kadi hata moja inasikika kama dawa ya ugonjwa wake. Kwa sehemu kubwa ni dawa kweli. Lakini ina masharti yake, na masharti hayo humbana zaidi mtu wa Gibaso au Robanda kuliko mtu wa Masaki, Dar es Salaam.

Mpaka, mnara na pesa

Wingi wa laini katika wilaya hizi si mbwembwe. Una sababu tatu, na kila moja ni ya kweli.

Ya kwanza ni mpaka. Wakurya wako pande zote mbili: huku Tarime na Serengeti, kule Kaunti ya Migori, Kuria Mashariki na Kuria Magharibi. Shangazi yuko Kehancha, mjomba yuko Nyamwaga. Msiba ukitokea, michango inakusanywa kwa shilingi mbili tofauti. Mahindi, ndizi, ng'ombe na mitumba vinavuka kila siku, na mwenye mali anataka kupigiwa kwa bei ya ndani.

Watu wa simu walishawahi kulitatua hili. Septemba 2006, kampuni ya Celtel ilizindua huduma iliyoziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania, ikamwezesha mteja kuvuka mpaka na laini yake ileile na kupiga simu kama mwenyeji. Celtel ikawa Zain, Zain ikawa Airtel, na mpangilio ule haukubaki kama ulivyokuwa. Mwaka 2014 nchi za Afrika Mashariki zilipoanza kushusha gharama za simu zivukazo mpaka kwa mpango wa eneo moja la mtandao, za mwanzo zilikuwa Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini. Tanzania haikuwamo. Mtu wa Sirari akajitatulia mwenyewe kwa kununua laini ya pili.

Sababu ya pili ni mnara. Tarime ni nchi ya milima na mabonde. Unaweza kuwa na mtandao mzuri mlangoni kwako na kuukosa ukishuka mtoni. Wilaya ya Serengeti, yenye makao makuu Mugumu, inaanzia kwenye mashamba na kuishia kwenye mbuga ambako minara iko mbalimbali. Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Ni hatua kubwa. Lakini mnara unaojengwa kijijini mara nyingi huanza ukiwa wa kampuni moja, na mwenye laini ya kampuni nyingine anaendelea kupanda kichuguu kutafuta mtandao.

Sababu ya tatu ni pesa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo laini si chombo cha kuongelea tu, ni akaunti. Ni kweli kwamba mitandao ya Tanzania ilianza kupokezana pesa mwaka 2014, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016, hivyo unaweza kutuma kutoka mtandao wowote kwenda mwingine. Lakini makato yanatofautiana, wakala wa karibu hana salio la kila mtandao, na mteja anataka kulipia kwenye mtandao wake. Kwa sababu hiyohiyo, uhuru wa kuhama mtandao ukiwa na namba yako, uliopo nchini tangu Machi 2017, haukuipunguza idadi ya laini. Ukihama, akaunti ya pesa ya mtandao wa zamani haihami nawe.

Laini isiyoshikika

Kadi ya laini tunayoijua ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1991, na wakati huo ilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki. Imekuwa ikipungua tangu hapo. Wengi wanakumbuka miaka ya 2012 na kuendelea, fundi wa simu alipokuwa akikukatia laini kwa kikatio kama cha karatasi ili iingie kwenye simu mpya, nawe ukiomba Mungu asikate dhahabu ya katikati. Hatua iliyofuata ilikuwa kuiondoa plastiki yenyewe.

eSIM ni chipu iliyounganishwa moja kwa moja kwenye ubao wa simu kiwandani. Chipu hiyo haina namba wala mtandao inapotoka kiwandani. Kampuni ya simu ndiyo inayokutumia taarifa za laini yako kupitia intaneti, mara nyingi kwa kukupa msimbo wa QR uupige picha kwa kamera. Taarifa hizo zikishashuka, simu inakuwa na laini kamili: unapiga, unapokea, unatuma ujumbe. Menyu za pesa nazo hazibadiliki. *150*00# ya M-Pesa, *150*60# ya Airtel Money na *150*01# ya Mixx by Yas zinafunguka kama kawaida.

Fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi. iPhone za sasa, kwa mfano, zinaweza kutunza eSIM nane au zaidi. Lakini mwenye nyumba ameweka sharti: kwa wakati mmoja wapangaji wawili tu ndio wanaoruhusiwa kuwasha taa. Wengine wapo, wamelipa kodi, ila wamekaa gizani hadi zamu yao. Kuwasha mmoja na kumzima mwingine ni suala la kubonyeza mara chache kwenye mipangilio ya simu. Huhitaji pini ya kutolea kadi wala kuhofia kadi kudondokea kwenye nyasi.

Hata hao wawili wenye taa hawako sawa. Bando la intaneti linatumika kwenye laini moja kwa wakati mmoja, na simu nyingi zina mtambo mmoja wa kupokea mawimbi unaogawana zamu kati ya laini mbili. Ukiwa unaongea kwenye ya kwanza, anayekupigia kwenye ya pili huambiwa hupatikani. Mshika mbili moja humponyoka. Wahenga hawakuwahi kuona simu, lakini walilijua hilo. Mwenye biashara anapaswa kuweka huduma ya kuelekeza simu kutoka laini moja kwenda nyingine, au angalau awaambie wateja wake wamtumie ujumbe.

Simu ipi inapokea

Kampuni kubwa za simu nchini zinatoa eSIM. Kikwazo cha kwanza ni simu yenyewe. Vitochi havina eSIM, na simu janja nyingi za bei ya chini zinazojaa kwenye maduka ya Tarime mjini na Mugumu hazina pia. Zilizonayo ni iPhone kuanzia XS na XR za mwaka 2018, Google Pixel za miaka ya karibuni, Samsung za daraja la juu kuanzia S20 na baadhi ya zile za kati. Hata hapo kuna mtego: iPhone nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la China bara zina matundu mawili ya kadi na hazina eSIM kabisa.

Kupima ni rahisi. Bonyeza *#06#. Simu itakuonyesha IMEI, namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha. Ikikuonyesha pia EID, mstari mrefu wa tarakimu 32, basi chipu ya eSIM imo. Fanya hivyo dukani, kabla hujatoa hela.

Upande wa pili wa mtego huo unakuja na simu zilizotumika zinazoingia kutoka nje. Tangu iPhone 14 ya mwaka 2022, iPhone zinazouzwa Marekani hazina tundu la kadi. Septemba 2025, Apple iliuza iPhone 17 bila tundu pia katika Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Oman, Qatar, Kuwait na Bahrain, huko ambako ndugu zetu wanafanya kazi na ambako mizigo mingi ya simu inapitia. Kijana wa Nyamongo anayetumiwa simu na dada yake aliyeko Muscat anaweza kufungua boksi akazungusha simu pande zote asione pa kuchomeka laini. Si mbovu. Lakini kuanzia siku hiyo hana chaguo: kila laini yake lazima iwe eSIM.

Namba mbili, shilingi mbili

Kwa mtu wa Sirari, faida ya haraka ni kuipeleka laini ya Kenya kwenye eSIM na kuliacha tundu la kadi kwa laini ya nyumbani. Safaricom inatoa eSIM, na usajili unafanyika upande wake, kwa kitambulisho au pasipoti. Siku za biashara unaiwasha, Jumapili unaizima.

Inafaa ujue, hata hivyo, mawimbi yanavyofanya kazi mpakani. Mnara hauoni jiwe la mpaka. Ukiwa Sirari, simu yenye laini ya Tanzania inaweza kukamata mnara wa Kenya kwa sababu tu una nguvu zaidi, na ukianza kutumia intaneti hapo unatozwa kwa bei ya aliye nje ya nchi, ile inayoitwa romingi. Bando lako la ndani halihusiki. Kwa kuwa Tanzania na Kenya zina saa moja, hata saa ya simu haibadiliki kukushtua. Dawa ni mbili: zima intaneti ya romingi kwenye laini ya Tanzania, na kwenye mipangilio ya mtandao ondoa kuchagua kwa otomatiki, uuchague mwenyewe mtandao wako. Simu yenye laini mbili inahitaji kufanyiwa hivyo kwa kila laini peke yake. Kuizima kwa moja hakuigusi nyingine.

Pesa nazo zinataka macho. Tangu mwaka 2015 mteja wa M-Pesa wa Vodacom Tanzania anaweza kutuma moja kwa moja kwa mteja wa M-Pesa wa Safaricom. Wafanyabiashara wengi bado wanapenda kuwa na akaunti zote mbili, ili aliye Isebania alipwe kwa shilingi ya Kenya na aliye Sirari kwa ya Tanzania bila kupitia ubadilishaji kila mara. Simu moja yenye M-Pesa mbili ni raha, ila ina hatari yake: menyu zinafanana, jina ni lilelile, na shilingi ya Kenya ina thamani ya zaidi ya mara 15 ya shilingi yetu. Mtu aliyechoka, jioni, akiingiza 5,000 kwenye menyu isiyo yake, amepotea mbali. Simu inakuruhusu kuipa kila laini jina na rangi. Zipe majina yaliyo wazi, "Kenya" na "Tanzania". Na kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina la mpokeaji linalotokea. Sekunde hizo tatu ndizo kinga yako ya mwisho.

Mgeni ana eSIM, mwenyeji ana mtandao

Ukisogea kusini na mashariki, kwenye mageti ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, eSIM iliwasili zamani. Ililetwa na watalii. Mgeni anayekuja kuona nyumbu wakivuka Mto Mara pale Kogatende, kati ya Julai na Oktoba, mara nyingi ameshanunua bando la safari kwenye intaneti akiwa kwao, kutoka kwa kampuni za kimataifa kama Airalo. Ndege ikigusa ardhi KIA, simu yake inashika mtandao. Namba yake ya London iko palepale kwenye laini ya kwanza, na intaneti inapita kwenye ya pili.

Huo mpango ni mzuri hadi anapofika porini. eSIM ya aina hiyo haina mnara wake. Inaazima wa kampuni ya Tanzania iliyoingia nayo mkataba. Kama kampuni hiyo haina mawimbi alipo, mgeni anakaa na mistari mitupu huku dereva wake, mwenye laini mbili za hapa hapa, anapokea ujumbe wa WhatsApp. Mara ngapi gari la watalii limegeuka mgahawa wa intaneti kwa sababu dereva amewasha hotspoti! Isitoshe, nyingi ya eSIM hizo ni za intaneti tu. Hazina namba ya Tanzania, hivyo mgeni hawezi kumlipa kwa simu mama anayeuza vinyago karibu na Fort Ikoma. Akitaka hilo, lazima asajili laini ya hapa kwa pasipoti na alama za vidole.

Kwa dereva mwongozaji mwenyewe, eSIM ni msaada wa kweli. Leo yuko Seronera, kesho yuko kabari ya Lamai, ile pembe ya hifadhi iliyo kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya, keshokutwa anapokea wageni Sirari waliotoka Maasai Mara. Kila eneo lina mtandao wake unaoshika vizuri. Akiwa na laini nne ndani ya simu moja, anabadilisha bila kusimamisha gari. Ila asisahau kwamba simu inayohangaika kutafuta mawimbi hafifu hula betri, na ikihangaika kwa laini mbili hula zaidi. Laini isiyo na mnara alipo, azime. Na pasipo na mnara wowote, redio ya gari haijapata mbadala.

Siku simu inapozimika

Yote hayo yanakwenda vizuri mradi simu iko hai. Tatizo la eSIM linajulikana siku simu inapokufa.

Mwenye kadi ya plastiki simu yake ikipasuka kioo au ikiingia maji, anafanya jambo ambalo Watanzania wamelifanya kwa zaidi ya miaka ishirini: anatoa laini, anaomba kitochi cha jirani, anaingiza, anapiga, anatoa pesa kwa wakala, anarudisha kitochi. Dakika kumi. Hahitaji umeme, intaneti wala ruhusa ya mtu.

Mwenye eSIM hana cha kutoa. Laini yake iko ndani ya simu iliyokufa. Ili aipate kwenye simu nyingine, anahitaji simu nyingine yenye eSIM, ambayo jirani yake hana, au anahitaji kampuni imrudishie namba kwenye kadi ya kawaida. Kwa kawaida hiyo ni safari ya kwenda kwenye duka la huduma, na namba yake ya NIDA na vidole vyake. Ule msimbo wa QR wa mwanzo haumsaidii. Mara nyingi ukishatumika umekwisha. Hata anayeifuta eSIM kwa bahati mbaya wakati wa kusafisha simu, au anayekubali kila swali wakati wa kuirudisha simu kwenye hali ya kiwandani, hujikuta kwenye foleni hiyohiyo. Na simu mpya ikipatikana, bado inahitaji intaneti ya kushushia laini, yaani Wi-Fi au bando la mtu mwingine.

Aliye Tarime mjini ataona ni usumbufu wa asubuhi moja. Aliye ndani ya Serengeti, mwenye ada ya mtoto kwenye M-Pesa na shule inafunguliwa kesho, ataliona kwa jicho tofauti, na atatamani laini ya pesa ingebaki kwenye kadi.

Wataalamu wa usalama wanashauri kinyume: laini ya pesa, wanasema, ndiyo ya kwanza kuingizwa kwenye eSIM, kwa sababu mwizi hawezi kuichomoa. Hoja yao ina uzito. Akikunyang'anya simu yenye kadi, kitu cha kwanza anachofanya ni kuing'oa laini. Akiiweka kwenye kitochi chake, anapokea ujumbe wako wote, pamoja na namba za uthibitisho za benki. Simu yenye eSIM ikiwa imefungwa kwa namba ya siri, laini imefungwa pamoja nayo.

Lakini sehemu kubwa ya kinga hiyo inapatikana kwenye plastiki pia, bure, na wachache wanaitumia. Kila kadi ya laini inaweza kuwekewa PIN yake, tofauti na ya simu na tofauti na ya M-Pesa. Ukishaiwasha kwenye mipangilio, kadi ikihamishiwa kwenye simu nyingine inadai PIN kabla ya kufanya chochote. Ikikosewa mara tatu inajifunga na kudai PUK, namba ya tarakimu nane ambayo huwa imeandikwa kwenye kile kipande kikubwa cha plastiki ulikoibandua kadi siku ulipoinunua. Usikitupe, kihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Kwa hiyo ushauri unategemea unakoishi. Kama duka la huduma liko umbali wa bodaboda na hofu yako kubwa ni kunyang'anywa simu stendi, ingiza laini ya pesa kwenye eSIM. Kama unalala kijijini na hofu yako kubwa ni simu kuanguka kwenye ndoo ya maji, iache kwenye kadi, iwekee PIN, na uipe eSIM laini za ziada: ya Kenya, ya bando, ya mtandao wa shambani. Hizo zikipotea kwa wiki nzima, maisha yanaendelea.

Ni jina la nani?

Kuna jambo la kisheria ambalo urahisi wa eSIM unaweza kulisahaulisha. Kuanzia Mei 2019 laini nchini zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na Januari 20, 2020 ilipofika, zile ambazo hazijasajiliwa zilianza kufungwa. eSIM haina njia ya mkato. Kukosa kadi mkononi hakufuti vidole vyako kwenye mfumo.

Mpakani kuna mazoea ya kusajiliana. Mtanzania anatumia laini ya Kenya iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha binamu, na Mkenya anatumia ya Tanzania iliyosajiliwa kwa NIDA ya mwenyeji wake. Ni wema, lakini laini iliyo kwa jina la mtu mwingine si yako. Simu ikifa, wa kwenda kuirudisha ni yeye, kwa vidole vyake. Mkikosana, pesa iliyomo iko kwa jina lake. Na laini hiyo ikitumika kwa utapeli, polisi wataanzia kwake. Kwenye plastiki angalau ulikuwa umeishika kadi. Kwenye eSIM huna hata hiyo.

Watanzania wote wanaujua ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Huwezi kuutuma bila laini, na laini hiyo lazima iwe imesajiliwa kwa jina la mtu fulani. Bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usizozijua, nenda kwenye kampuni husika zifutwe. Ujumbe wa kitapeli ukikufikia, upeleke kwenye namba 15040.

Zingatia pia laini zinazokaa gizani. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na baadaye namba yake hupewa mteja mwingine. Kwa plastiki, kadi iliyokaa kwenye pochi hukukumbusha kila unapotafuta noti. eSIM iliyozimwa haionekani popote hadi uitafute kwenye mipangilio, na siku utakayoiwasha unaweza kukuta si yako tena, huku benki bado inatuma taarifa zako kwenye namba hiyo. Iwashe mara kwa mara, weka salio kidogo, piga simu moja. Kama huihitaji tena, itoe kwanza benki na WhatsApp, ndipo uifunge.

Kazi iliyobaki kwa kampuni

Ukimsikiliza muuzaji wa simu, eSIM ni suala la kifaa. Kwa wilaya hizi mbili ni suala la huduma. Mtu wa Tarime hakuhitaji kufundishwa kuishi na laini nyingi. Alianza kabla ya wengine na kwa sababu za msingi. Anachohitaji ni uhakika kwamba laini ikishatoka kwenye kadi na kuingia hewani, kuna mtu wa karibu anayeweza kumrudishia.

Kampuni zina mawakala wa pesa kila penye kituo cha bodaboda, na wengi wao wana mashine za kusoma vidole wanazosajilia laini mpya. Wakala huyohuyo wa Nyamwaga, Nata au Machochwe angeweza kupewa uwezo wa kurudisha eSIM iliyopotea, kwa ukaguzi uleule wa NIDA, na kumkabidhi mteja kadi ya kawaida siku hiyohiyo. Bila hilo, kampuni inayoshauri wateja wa vijijini wahamishe laini zao zote kwenye eSIM inawaomba wategemee simu ambayo hawawezi kumudu kuipoteza.

Hadi hapo, mwenye simu inayopokea eSIM aitumie kwa laini za pembeni na azikague kila mwezi. Laini iliyobeba ada, mtaji na michango ya ukoo ikae pale ambapo anaweza kuitoa kwa mkono wake mwenyewe.